Maswali ya wasomaji: tangazo la nafasi ya utafiti wa ubongo lisomwe vipi?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu mbalimbali, lakini zote zinabisha mlango mmoja: kazi na nafasi za uzamivu katika saikolojia na upigaji picha za ubongo. Tumezijibu saba, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mistari michache kwa kuwa hazihitaji zaidi.

SWALI: Nimeona matangazo matatu. La kwanza linatafuta mtafiti msaidizi, la pili meneja wa maabara, la tatu mwanafunzi wa uzamivu. Yote yanataja picha za ubongo. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia. Niombe ipi?
Mhitimu wa mwaka huu

JIBU: Mtafiti msaidizi huendesha utafiti uliobuniwa na mwingine. Huwasiliana na washiriki, huwapitisha kwenye fomu ya usalama, huwafundisha jaribio kabla hawajaingia kwenye skana (mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku), hukaa chumba cha mitambo wakati picha zinapigwa, kisha hukagua data siku hiyo hiyo kabla haijasahaulika nini kilitokea. Mkataba huwa wa mwaka mmoja au miwili. Meneja wa maabara hufanya hayo pamoja na vibali vya kamati ya maadili, ratiba ya skana, malipo ya washiriki na kuwafundisha wageni wa maabara. Mwanafunzi wa uzamivu ana swali lake mwenyewe, na mwisho wa safari atalitetea peke yake.

Kwa mwenye shahada ya kwanza, jibu linategemea nchi. Marekani programu nyingi za uzamivu hupokea watu wasio na uzamili, ila washindani wako wengi watakuwa wameshafanya kazi ya msaidizi au meneja kwa miaka miwili. Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia hutaka uzamili kwanza, na ombi lisilo nao mara nyingi huondolewa na ofisi kabla profesa hajaliona.

Ukishajua nafasi ipi inakufaa, soma tangazo kwa kutafuta mambo manne: fedha zinatoka wapi na zinaisha lini, msimamizi ni nani kwa jina, masharti yapi ni ya lazima na yapi ni nyongeza, na data ipo tayari au bado itakusanywa. Hili la nne ndilo watu hulipita haraka, nalo ndilo huamua kama utamaliza kwa wakati.

Piga hesabu hii. Tuseme mradi unahitaji picha nzuri za washiriki 80, na maabara ina nafasi mbili za skana kwa wiki. Hiyo ni wiki 40 kama hakuna hata mmoja atakayekosa. Lakini watakosa. Mmoja ataahirisha, mwingine atagundulika ana chuma mwilini, mwingine atatikisa kichwa mpaka picha zisifae. Ukipoteza robo, itabidi uwapige picha watu 107, yaani zaidi ya mwaka mzima. Kabla ya hapo kuna kibali cha maadili na majaribio ya awali, na baada yake kuna uchambuzi na kuandika. Katika uzamivu wa miaka mitatu, mradi wa namna hiyo unabana sana, na ukiwa wa wagonjwa wa hali adimu unabana zaidi. Tangazo linalosema data ya awali imeshakusanywa, na wewe utaongeza kundi moja tu, lina thamani kuliko linavyoonekana.

Neno moja kuhusu masharti: "lazima" maana yake lazima. Kwenye orodha ya nyongeza, ukiwa na nusu yake, omba.

SWALI: Kila tangazo linataka ujuzi wa programu za kompyuta na uchambuzi wa MRI. Chuo chetu hakina skana. Nitaupata wapi ujuzi huo?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Hili linawezekana hata bila skana. Data ya picha za ubongo iliyotolewa wazi ni nyingi kuliko watu wa kuichambua. Hazina ya OpenNeuro peke yake ina zaidi ya tafiti elfu moja, na kupakua ni bure. Anayeajiri hataki cheti cha kozi fupi. Anataka kuona kwamba umeshika data chafu ukaifikisha mwisho.

Anza na data ya mtafiti James Haxby na wenzake ya mwaka 2001. Ina washiriki 6 tu, waliotazama makundi 8 ya picha: nyuso, nyumba, paka, chupa, mikasi, viatu, viti na picha zilizovurugwa. Kila kundi lilionyeshwa kwa sekunde 24 mfululizo, na picha nzima ya ubongo ilichukuliwa kila baada ya sekunde 2.5. Faida yake ni kwamba jibu linajulikana. Ukilinganisha nyuso na nyumba, gamba la fusifomu upande wa chini wa ubongo linapaswa kuitikia nyuso, na eneo la parahipokampasi liitikie nyumba. Usipoyaona hayo, kosa ni lako, na kulitafuta ndiyo shule yenyewe. Maktaba ya Nilearn, inayotumia lugha ya Python, huipakua kwa mstari mmoja wa msimbo.

Fanya modeli kwa mshiriki mmoja kwanza. Kumbuka kwamba mwitikio wa damu kwenye ubongo, ambao ndio skana hupima, hauji papo hapo: hufika kileleni kama sekunde 5 hadi 6 baada ya kichocheo. Anayesahau kuuweka ucheleweshaji huo kwenye modeli hupata ramani dhaifu ya maeneo yaliyoitikia, kisha hudhani data ni mbovu.

Zoezi hilo likishakaa sawa, chukua data nyingine kutoka OpenNeuro na uipitishe kwenye fMRIPrep, programu ya kuandaa picha za ubongo kabla ya uchambuzi. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni zile zile. Ya kwanza ni mpangilio wa mafaili. Programu hii inataka data iliyopangwa kwa kanuni ya BIDS, na kwenye kanuni hiyo muda kati ya picha na picha huandikwa kwa sekunde. Anayebadilisha mafaili ya DICOM (yale yanayotoka kwenye skana) kwa mkono mara nyingi huacha milisekunde, na 2.5 inageuka 2500. Endesha kikaguzi cha BIDS kwanza. Ya pili ni leseni ya FreeSurfer, programu ya kuunda uso wa gamba la ubongo ambayo fMRIPrep huitumia; leseni hiyo ni bure lakini lazima uiombe na uielekeze programu ilipo. Ya tatu ni nafasi: folda ya kazi za muda hujaa gigabaiti nyingi na programu hukatika katikati ya usiku. Ya nne ni muda, kwa sababu hatua ya kuunda uso wa gamba la ubongo huchukua saa kadhaa kwa kila mtu. Unaweza kuizima unapojifunza.

Programu ikimaliza, usikimbilie ramani. Fungua ripoti ya kila mshiriki uangalie kwa macho kama picha za utendaji (za ubongo ukiwa kazini) zimekaa juu ya picha ya maumbile. Tena kuna mitego miwili. fMRIPrep hailainishi picha, yaani haichanganyi thamani za sehemu jirani ili kupunguza kelele. Ukihitaji kulainisha, ni kazi yako. Nayo hukupa jedwali la vigezo vya usumbufu (vipimo vya mambo yanayochafua data) lenye safu nyingi mno, ambazo hazikukusudiwa kuingizwa zote kwenye modeli. Chagua chache, zile sita za mtikisiko wa kichwa kwa mfano, na useme kwa nini umezichagua. Safu ya kiasi cha kutikisika kati ya picha na picha haina thamani kwenye mstari wa kwanza, kwa kuwa hakuna picha ya kutangulia ya kulinganisha nayo. Modeli nyingi hugoma hapo hapo na mwanafunzi akahangaika siku mbili.

Mwisho weka misimbo yako mahali pa wazi, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja: ulitaka kujua nini, uliwaondoa washiriki gani na kwa nini, nini hakikufanya kazi. Kiungo cha kazi hiyo kwenye wasifukazi kina uzito kuliko orodha ya programu 12 unazodai kuzijua.

SWALI: Ni mtaalamu wa mionzi, nimeendesha mashine za MRI hospitalini kwa miaka sita. Saikolojia sijasoma. Je, naweza kupata uzamivu kwenye fani hii au nitabaki kuwa mpiga picha wa watafiti?
Mtaalamu wa mionzi

JIBU: Unacho kitu ambacho wengi wa wanaoomba hawana. Unaitambua picha mbovu ukiwa bado kwenye kiti, mshiriki hajashuka kitandani. Liandike hilo kwa mifano: aina za mashine, nguvu ya sumaku, mifuatano uliyoiendesha, hitilafu unazozitambua kwa jicho.

Ila ujue kwamba utafiti una mila zake. Hospitalini unarekebisha vipimo ili mgonjwa huyu apate picha nzuri. Kwenye utafiti, kumrekebishia mmoja ni kumtenga na wenzake. Protokali ikishafungwa, mwelekeo wa vipande, muda wa mwangwi, koili ya kichwa na hata toleo la programu ya mashine hubaki vile vile tangu mshiriki wa kwanza hadi wa mwisho. Fundi akiboresha programu katikati ya mradi, huenda wagonjwa waliopigwa picha kabla na watu wenye afya waliopigwa baada wakatofautiana kwa sababu ya mashine tu. Ndiyo maana makundi mawili hupigwa picha kwa kupokezana, si kundi moja likaisha ndipo lingine lianze.

Pengo lako litakuwa takwimu na muundo wa majaribio. Modeli za mstari, athari mchanganyiko, marekebisho ya ulinganisho mwingi: hizo zisome kabla ya kuomba. Elekeza maombi kwenye maabara za mbinu za upigaji picha, ambako swali la uzamivu linaweza kuwa juu ya ubora wa vipimo vyenyewe. Huko hutaulizwa sana kwa nini hukusoma saikolojia. Lakini kama nchi unayoomba inadai uzamili, miaka sita ya kazi haitauziba mwanya huo.

SWALI: Nimewaandikia maprofesa 40. Aliyejibu ni mmoja, na alisema hana nafasi. Nakosea wapi?
Aliyechoka kusubiri

JIBU: Kwenye hiyo namba 40. Barua inayoweza kwenda kwa watu 40 bila kubadilishwa hutambulika kwenye mstari wa pili, na hufutwa.

Punguza wawe wanane. Kwa kila mmoja soma makala zake mbili za karibuni, hasa sehemu ya mbinu na ya mapungufu, kisha andika barua pepe ya maneno 150 hadi 200. Kichwa cha barua kitaje nafasi na mwaka wa kuanza. Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na unaomba nini. Inayofuata itaje jambo mahususi katika kazi yake na swali lililokujia ulipoisoma. Sifa tupu za kwamba utafiti wake umekuvutia ziache, hazimsaidii kuamua juu yako. Halafu jambo moja ulilofanya linalokaribiana na kazi hiyo, pamoja na kiungo. Funga kwa swali linalojibika kwa ndiyo au hapana: je, unatarajia kupokea mwanafunzi mpya mwaka huo? Ambatisha wasifukazi wa kurasa mbili tu. Vyeti vilivyoskaniwa vya megabaiti 15 vibaki nyumbani.

Muda nao una maana. Kwa programu za Marekani, ambazo nyingi hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba, andika kati ya Agosti na Oktoba. Asipojibu kwa wiki mbili, kumbusha mara moja, basi. Pale ambapo nafasi imetangazwa rasmi na ina utaratibu wa maombi, fuata utaratibu huo; barua pepe ya profesa ni ya kuulizia jambo ambalo tangazo halikulisema. Ukimuuliza lililoandikwa kwenye tangazo umeshajiharibia.

SWALI: Tangazo la Ujerumani linasema "asilimia 65, E13". La Uingereza linasema posho na ada. La tatu linasema nisiwe nimeishi katika nchi hiyo zaidi ya miezi 12. Naomba ufafanuzi.
Msomaji wa muda mrefu

JIBU: E13 ni daraja katika jedwali la mishahara ya watumishi wa umma wa majimbo ya Ujerumani. Asilimia 65 ni sehemu ya muda wa kazi unaolipwa: wiki kamili ikiwa ya saa 40, mkataba wako ni wa saa 26. Muda mwingine uliobaki utautumia kuandika tasnifu, na hilo halilipwi. Si ulaghai, ndio utaratibu wao, lakini uliza kama kazi ya kufundisha imo ndani ya saa hizo. Mkataba wa ajira huja na bima ya afya na michango ya pensheni. Ufadhili wa masomo usio na mkataba hauji navyo, kwa hiyo usilinganishe namba mbili hizo zilivyo.

Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa kwa miaka minne, na mkataba wa kwanza mara nyingi ni mfupi, unaongezwa baada ya tathmini. Norway ni miaka mitatu, au minne ikiwa robo ya muda ni ya kufundisha na kazi nyingine za idara. Uingereza swali la kuuliza ni moja: je, ufadhili unalipa ada ya mwanafunzi wa kimataifa yote, au ile ya mzawa tu? Tofauti ni kubwa na utaambiwa uijazie mwenyewe. Katika ufadhili wa UKRI, shirika la umma la kufadhili utafiti Uingereza, wanafunzi wa kimataifa wanaruhusiwa, ila hawazidi asilimia 30 ya wanaopokelewa. Marekani programu ni ya miaka mitano au sita, ada husamehewa na posho hutokana na kufundisha au utafiti. Vyuo vingi vya huko vimekubaliana kwamba mwombaji aliyepewa nafasi yenye ufadhili asibanwe kuamua kabla ya Aprili 15. Ukibanwa mapema, itaje tarehe hiyo kwa upole.

Sharti la miezi 12 ni la mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya. Katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umekaa, umesoma wala kufanya kazi katika nchi inayokuajiri kwa zaidi ya miezi 12. Uraia hauangaliwi. Kwa mtu anayetoka nje ya Ulaya sharti hilo ni faida, kwani linawaondoa wenyeji.

Na ambaye ameombwa fedha na "wakala" ili kushikiliwa nafasi: hakuna nafasi hapo. Ada halali ya maombi, ambayo vyuo vingi vya Marekani hutoza, hulipwa kwenye mfumo wa chuo chenyewe, na mara nyingi unaweza kuomba kusamehewa.

SWALI: Nimeitwa kwenye usaili wa mtandaoni wa dakika 45. Wataniuliza nini?
Mwenye wasiwasi

JIBU: Utawasilisha kazi yako kwa dakika 10, kisha watachimba. Jiandae kueleza uamuzi wowote ulioufanya kwenye data, hata ule uliofuata kwa kuwa msimamizi alisema.

Swali la takwimu halikosekani. Ubongo kwenye picha una vokseli (vijichemraba vinavyounda picha) zipatazo 100,000. Ukipima kila moja kwa kizingiti cha 0.05 (kukubali kukosea kwa asilimia 5) bila marekebisho, utapata kama 5,000 zinazong'aa hata pasipo na chochote. Mwaka 2009 watafiti walimweka samaki aliyekufa kwenye skana, wakamwonyesha picha za watu, na bila marekebisho baadhi ya vokseli zake "ziliitikia". Kichekesho, lakini kimefundisha wengi kuliko vitabu. Jua tofauti ya kurekebisha kwa vokseli moja moja na kwa vishada (makundi ya vokseli jirani), na ujue kwamba mwaka 2016 ilionyeshwa kuwa njia zilizozoeleka za vishada, zikitumiwa na kizingiti legevu, hutoa matokeo ya uongo kupita kiasi kinachodaiwa.

Watauliza pia: wagonjwa hutikisika kuliko watu wenye afya, utajuaje kwamba tofauti uliyoiona ni ya ugonjwa? Jibu zuri huanza kabla ya uchambuzi, na mito ya kichwa, mazoezi kwenye skana bandia na mapumziko. Halafu linganisha mtikisiko wa makundi yote mawili, weka kanuni ya kuondoa picha kabla hujaona matokeo, na mwisho rudia uchambuzi kwa washiriki wanaolingana kwa mtikisiko. Anayejibu kwamba programu itarekebisha amejifunga mwenyewe.

Swali la tatu ni idadi ya washiriki. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo za watu na tabia zao, ubongo mzima kwa jumla, huhitaji maelfu ya watu. Usilitupe jibu hilo kila mahali, hata hivyo. Jaribio linalompima mtu yule yule katika hali mbili, mara nyingi, linaweza kusimama kwa watu wachache.

Nawe uliza. Wanafunzi waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi? Saa za skana zimeshalipiwa? Nani anakuwa mwandishi wa kwanza wa makala? Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi mmoja bila msimamizi kuwepo. Wakikataa, umeshajibiwa.

SWALI: Nina chuma mguuni baada ya kuvunjika. Je, fani hii imenifunga mlango?
Msomaji mwenye chuma

JIBU: Hapana. Sumaku ya skana huwa kazini saa zote, hata usiku na hata kama hakuna anayepigwa picha, kwa hiyo wafanyakazi hukaguliwa kama washiriki kabla ya kuingia chumba chake. Vyuma vingi vya mifupa ni vya titani na huruhusiwa, ila uamuzi ni wa afisa usalama wa MRI, naye atataka kadi inayoonyesha aina na modeli ya kipandikizi. Iombe hospitali iliyokufanyia upasuaji kabla hujaanza kazi. Hata ukikataliwa kuingia chumba cha sumaku, chumba cha mitambo kiko nje ya eneo la hatari, na uchambuzi, EEG (kupima umeme wa ubongo) na vipimo vya mwendo wa macho havihusiani na sumaku hiyo.